Kabla Hujampa Mtoto Jina la Bibi

Naitwa Sikudhani. Nilizaliwa Pangani mwaka 1957, na kwa zaidi ya miaka 30 nilikuwa muuguzi mkunga katika wodi za wazazi mkoani Tanga. Mkono huu umeandika majina ya watoto kwenye kadi za kliniki mpaka kidole kikaota sugu. Nilipoanza kazi, akina mama walikuwa bado wakiniambia "andika Mwajuma", "andika Athumani". Nilipokaribia kustaafu, mama ananitajia herufi moja moja, macho yakiwa kwenye simu, na jina lenyewe analitamka leo hivi, kesho vile.

Binti yangu alipokuwa na mimba ya miezi saba alinipigia kutoka Dar es Salaam. "Mama, nataka jina la kizamani, la enzi zenu. Nimeshalipata: Siwatu."

Nikanyamaza. Siwatu ni dada yangu, amenitangulia kwa miaka minane, na najua jina lake lilitoka wapi. Binti yangu amelisikia tangu utotoni, jina la mama yake mkubwa, laini mdomoni kama jina la ua. Hakuwahi kuuliza.

Nafurahi mno kuona vijana wanayarudia majina haya, maana nilianza kuogopa kwamba tutazikwa nayo. Lakini majina ya watu waliozaliwa miaka ya 1940, 1950 na mwanzoni mwa 1960 hayakuokotwa kwenye orodha. Kila moja liliandika jambo: siku, mvua, njaa, ugomvi, shukrani. Ukilitaka, lichukue pamoja na kisa chake. Nitakueleza namna ya kukitafuta.

Nenda kaulize, na uulize vizuri

Ukimwuliza mzee "jina lako lina maana gani?" atakujibu "jina tu, mjukuu wangu", na mazungumzo yameisha. Mwulize hivi: Nani alikupa jina hili? Ulizaliwa nyumbani kwa nani? Mwaka huo kulikuwa na nini? Nani alikutangulia kuzaliwa, na yuko wapi?

Hilo la mwisho ni zito. Wazee wengi wana ndugu waliokufa wachanga ambao hawatajwi kabisa nyumbani, na mara nyingi jina la aliyebaki linawahusu hao. Uliza taratibu. Akiinamisha kichwa, mwache, zungumzeni mengine; siku nyingine ataanza mwenyewe.

Nenda kwa miguu yako, usitume ujumbe. Chukua kilo ya sukari na majani ya chai, fika asubuhi kabla jua halijakali, kaa mkekani, msaidie kuchambua mchicha. Kisa cha jina hakitoki kwa mtu anayetazama saa. Ukitoka hapo nenda kwa mdogo wake au wifi yake, kwa sababu mwenye jina mara nyingi anajua nusu tu. Nusu nyingine wazazi walimficha ili asiumie.

Uliza pia majina yote aliyo nayo, si hilo moja. Mtu wa rika hilo anaweza kuwa na jina la chuoni alikosomea Kurani, jina la nyumbani, na lile ambalo mwalimu wa shule aliliandika kama alivyolisikia. Baba yangu mdogo tulimjua kwa jina la Mashaka maisha yake yote. Siku ya msiba wake ndipo tuliposikia kwamba ni Abdallah.

Majina yanayosema siku

Haya ndiyo mengi zaidi pwani, na ndiyo rahisi kuyasoma. Juma na Mwajuma ni wa Ijumaa. Hamisi na Mwanahamisi ni wa Alhamisi. Jumanne anajitaja mwenyewe. Chausiku alizaliwa usiku. Mwanaidi alikuja na sikukuu. Rajabu, Shabani na Ramadhani wamebeba miezi yao, Maulidi ni wa Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, na Haji ni wa wakati wa hija.

Hapa kuna jambo linalowapoteza vijana. Kwa hesabu ya wazee wetu, siku haianzi saa sita usiku. Inaanza jua linapokuchwa. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi baada ya magharibi. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku, kadi ya kliniki itasema Alhamisi, na bibi atasema ni Juma. Bibi hajakosea. Nilikuwa nikiwaeleza hivyo akina baba waliokuja kubishana na mama zao mlangoni mwa wodi.

Miezi nayo inatembea. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa siku zipatazo 11, kwa hiyo Ramadhani hupita masika, kipupwe, vuli na kiangazi, ikarudi ilikoanzia baada ya miaka kama 33. Ukilijua hili, jina linaweza kukupa hata mwaka wa kuzaliwa. Mjomba wangu Ramadhani, kitambulisho chake kinasema amezaliwa mwaka 1950. Lakini bibi alikuwa akisimulia kwamba alimzaa ndani ya mfungo, masika yamekolea, njia ya mto haipitiki. Mwaka 1950 mfungo ulianza katikati ya Juni, na kwetu masika yanakuwa yameshakatika. Mwaka 1954 ulianza mwanzoni mwa Mei. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alicheka kwa furaha: mwaka 1961 tulipopata Uhuru alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi, na siku zote alikuwa akishangaa kwa nini karatasi zinamzeesha.

Ila usimhukumu kila Juma kwa Ijumaa. Wengi wamerithishwa jina la babu tu, na Ijumaa ni ya babu huyo. Ndiyo maana nikasema kaulize.

Kama mwenzio si wa pwani, hesabu kama hizi ziko kwao pia, kwa lugha zao. Mjaluo Otieno ni wa usiku kama Chausiku wetu, Okoth ni wa mvua. Kwa Wakikuyu siku haina neno: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba, na wa pili la baba wa mama, kwa hiyo hapo jina lina mwenyewe tayari kabla mimba haijaonekana. Ongeeni mapema, msisubiri siku ya saba wageni wamekaa na mbuzi wa akika, wa kuchinjwa kwa ajili ya mtoto, amefungwa uani.

Majina ya uchungu

Sasa nirudi kwa dada yangu. Mama yangu alizaa watoto wawili kabla ya Siwatu, wote wakafa kabla ya kutambaa. Watu wa nyumba ile wakaanza kunong'ona kwamba anawala mwenyewe. Alipojifungua wa tatu, mwaka 1949, hakumwachia mtu ampe jina. Akasema anaitwa Siwatu. Yaani hawa ninaoishi nao si watu. Kila mara mtoto alipoitwa aje kula, aende kisimani, wale wanong'onaji walisikia jibu lao. Mwanamke wa wakati ule hakuwa na baraza la kwenda kulalamika. Alikuwa na kanga, na alikuwa na jina la mtoto.

Baada ya hapo hakushika mimba tena kwa miaka saba. Alishakata tamaa nilipokuja mimi, akaniita Sikudhani. Sikudhani kama nitapata mwingine. Ukiyaweka majina yetu mawili pamoja umesoma maisha ya mama yangu kutoka mwaka 1949 hadi 1957, na yeye kalamu hakuishika hata siku moja.

Kuna wenzetu wengi wa namna hii: Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Sikujua. Zawadi na Riziki ndio ndugu zao wa upande wa furaha. Yapo pia majina waliyopewa watoto baada ya vifo vingi, majina ya kumdharau mtoto makusudi, ili kifo kimwone si kitu na kipite. Ukikutana na bibi mwenye jina la ajabu, la takataka au la kitu kisicho na thamani, usicheke. Huyo alipendwa kupita kiasi.

Je, umpe mtoto wako jina la uchungu? Mimi nasema inategemea uchungu ni wa nani na umekwisha au la. Tabu aliyezaliwa kwa uzazi mgumu, mama na mtoto wakapona, hilo ni jina la ushindi, mpe kwa moyo mweupe. Lakini jina lililokuwa mshale kwa watu fulani, na wajukuu wa watu hao ni majirani zako mpaka leo, hilo unafufua ugomvi ambao wewe hukuwepo. Nilikwenda kwa dada Siwatu, nikamwambia binti yetu anataka kukupa somo, mtoto wa jina lako. Alifurahi kwanza, akashika shavu. Kisha akakaa kimya, akasema: "Msimrithishe mtoto ugomvi wa mama. Mimi nimeubeba miaka yote hii, unatosha." Binti yangu alipoambiwa alilia kwenye simu. Hakuwa amejua kwamba mama yake mkubwa amekuwa akiitwa kwa hasira ya mtu mwingine maisha yake yote.

Yapo majina mengine yanayohitaji heshima zaidi ya hiyo. Pwani yetu iliona utumwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897. Majina kama Feruzi, Almasi na Mabruki waliwahi kupewa watumwa, na familia nyingine ziliendelea kuyarithishana kwa kumkumbuka babu, wala hakuna aibu. Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarabu, alizaliwa Fumba na kuitwa Mtumwa. "Siti" lilikuja baadaye, jina la heshima, na ndilo alilokwenda nalo Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake, na ndilo tunalomtaja nalo tangu alipofariki mwaka 1950. Kama jina unalolitaka lina historia ya namna hii katika ukoo, mwamuzi ni mzee wa ukoo huo. Wewe uliza tu, na jibu lake ulipokee.

Mvua, na siku kubwa za nchi

Mwanamvua alizaliwa mvua ikinyesha. Hili halina kona wala fumbo, na si la pwani peke yake. Hata Mwalimu Nyerere, alipozaliwa Butiama mwaka 1922, siku hiyo ilikuwa ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua kwa Wazanaki. Julius lilikuja alipobatizwa mwaka 1943, kijana mzima. Na baada ya tarehe 9 Desemba 1961 nchi ilijaa watoto walioitwa Julius kwa heshima yake, ingawa binafsi natamani wangeitwa Kambarage pia.

Nimepokea wajukuu wa kina Uhuru, na nimemtibu mama mmoja aliyeitwa Muungano, wa mwaka 1964. Majina haya ni mazuri na historia yake iko wazi, lakini yamefungwa na tarehe. Mtoto wa leo akiitwa Muungano atakuwa anaeleza siku zote kwamba ni la bibi. Kama ni la bibi kweli, sawa. Kama si la mtu yeyote kwenu, tafuta jingine.

Mosi, Pili na Tatu nayo nitayapita haraka: yanahesabu watoto, kwa hiyo ukimwita Tatu mtoto wako wa kwanza, kila mtu atauliza wenzake wako wapi, na kwa masikio ya wazee swali hilo linanukia msiba. Kulwa na Doto ni mapacha, wametoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi wakaenea nchi nzima, na anayewafuata mapacha kwa Wasukuma ni Shija. Usimpe Doto mtoto aliyezaliwa peke yake, isipokuwa anamrithi mtu.

Kwa waliobatizwa

Wodini nilikuwa na wenzangu wawili Wakatoliki ambao walinifundisha kusoma majina ya kwao. Familia nyingi za misheni zilitazama kalenda ya watakatifu, mtoto akachukua jina la siku aliyokuja. Melkiori, Gaspari na Baltazari ni wa tarehe 6 Januari, sikukuu ya mamajusi. Asumpta ni wa tarehe 15 Agosti, Imakulata wa tarehe 8 Desemba.

Lakini kama unatafuta siku ya bibi yako kwa njia hii, usitumie kalenda inayouzwa kanisani leo. Kanisa Katoliki lilirekebisha kalenda hiyo mwaka 1969 na watakatifu kadhaa wakahamishwa. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu yuko tarehe 1 Oktoba sasa. Bibi Teresia aliyezaliwa mwaka 1955 huenda ni wa tarehe 3 Oktoba, maana ndipo sikukuu ilipokuwa. Mtume Tomasi leo yuko tarehe 3 Julai, zamani alikuwa tarehe 21 Desemba. Nimeona familia ikimwandalia babu Tomasi sherehe ya miaka 80 mwezi Julai, na mzee anasisitiza kwamba mama yake alimzaa karibu na Krismasi. Mzee alikuwa sahihi. Nenda parokiani, omba wakutazamie kitabu cha ubatizo; tarehe ya kuzaliwa huwa imeandikwa pale pamoja na ya kubatizwa na jina la msimamizi, ambaye mara nyingi ndiye aliyelichagua jina.

Kwa Walutheri wa Kilimanjaro na Upare utakutana na Elisante, Elibariki, Elifuraha, Eliamani. Hayo ni sala kamili katika neno moja, Mungu yuko mwanzoni na shukrani inafuata. Nayapenda sana haya. Wakati wa kumwita mtoto unakuwa umeshaomba.

Tahajia, na karatasi

Kuna watu watakaokuambia Hadija ni kosa, andika Khadija. Sefu ni kosa, andika Seif. Mimi sikubali. Hadija, Athumani, Selemani, Bakari, Rukia na Salumu ni majina yaliyokaa midomoni mwa Waswahili mpaka yakawa yetu. Bibi yako alijibu alipoitwa Hadija. Ukimwita mtoto Khadija kwa sababu unalipenda, vizuri. Ukisema unampa jina la bibi, basi mpe lile bibi aliloitikia.

Kwenye tangazo la kizazi, ile karatasi unayopewa hospitali kabla ya cheti cha kuzaliwa, andika mwenyewe jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na umkabidhi anayejaza. Usilitaje kwa mdomo tu. Mpwa wangu alitoka hospitali moja na karatasi inayosema "Mwana Hamisi", maneno mawili. Shuleni Hamisi akageuka kuwa jina la baba, na kulirekebisha kumemgharimu nauli na siku za kazi nisizotaka kuzihesabu. Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanamvua: neno moja. Na kama jina la baba kwenye vyeti vyake ni Salumu, mtoto naye aandikwe binti wa Salumu, si Salim.

Kabla ya kuandika, simama uani uliite mara tatu kwa sauti, kama unamwita aje kula. Utajua linavyokatika. Chausiku atakuwa Chau, Mwanaisha kwa watu wa Mombasa atakuwa Mishi. Kama kifupisho chake hukipendi, ni afadhali ujue leo. Na ukimpa mtoto jina la mama mkwe aliye hai, ujue kwamba humu ndani hutaweza kumgombeza kwa jina hilo. Kwetu mtoto huyo huitwa Bibi, na hata akivunja sahani anaitwa Bibi.

Binti yangu alijifungua Februari, mtoto wa kike, kilo 3.2. Jina alilichagua dada Siwatu. Alisema mpeni la mama mdogo Mwanamvua, marehemu, aliyezaliwa masika ya mwaka 1951 bibi akiwa amekwama ng'ambo ya mto, kivuko hakivuki. Mama mdogo huyo ndiye aliyemlea binti yangu nilipokuwa zamu za usiku. Siku ya saba alinyolewa nywele, akika ikafanyika, jina likatajwa.

Ninachowaomba wote wanaorithisha jina ni wakiandike kisa mahali ambapo hakitapotea, kwa sababu sisi tunaokijua tunaondoka. Mimi nimekiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kadi ya kliniki, na binti yangu ameipiga picha: "Mwanamvua. Alizaliwa Jumanne saa nne asubuhi, Dar es Salaam. Siku hiyo jua lilikuwa kali, hata wingu hapakuwa. Mvua ni ya bibi yake, Pangani, 1951."